Mtori wa Agnesi

Jumamosi, Kwaresima, 1957. Mvua imenyesha tangu alfajiri, uani ni matope matupu, na mimi nina hasira hata kalamu inachana karatasi.

Wacha niandike. Nikisema kwa sauti wapangaji wote watasikia, maana ukuta wa chumba chetu haufiki hata paani.

Mdogo wangu Anaeli amepata mtoto. Wa kike, mzima, ana paji la uso la marehemu mama yetu. Ilikuwa nipige vigelegele. Ila aliyemzaa si Ndeshi. Ndeshi ndiye mke wake wa ndoa, waliyofunga kanisani mimi nikiwa nimesimama kando yao, na yuko Machame na watoto watatu, anapalilia kahawa ya mume ambaye hajarudi nyumbani tangu alipopata cherehani barazani kwa Mhindi mmoja hapa Kariakoo. Anaeli ana mwanamke Ilala. Anaitwa Agnesi, mtu wa Masasi, na ndugu zake wote wako huko huko kusini.

Nilipopata habari hizo mwaka jana nilimwambia Anaeli usoni kwamba anafanya dhambi. Akanijibu, "Dada, usihukumu." Toka siku hiyo ndilo neno lake. Ukimuuliza habari za Ndeshi, usihukumu. Ukimuuliza watoto wanakula nini, usihukumu. Amelifanya mwavuli. Yesu alimwambia yule mwanamke aliyefumaniwa kwamba hamhukumu, kisha akamwambia aende zake asitende dhambi tena. Anaeli husoma nusu ya kwanza, akafunga kitabu.

Mimi nikaapa sitakanyaga nyumba ile. Na sikukanyaga.

Sasa mtoto kazaliwa. Kwetu Uchagani mzazi hajipikii. Anapikiwa na mama mkwe, na kama mama mkwe hayupo, wifi. Mama alishafariki, na wifi ni mimi peke yangu. Na sufuria ya mtori, supu yetu ya ndizi na nyama, ikitoka kwa dada wa mume ikaingia chumbani kwa mzazi, hicho si chakula tu. Hapo ukoo umesema, huyu ni mke wetu. Wachaga wa Kariakoo tunajuana wote. Nikivuka barabara na sufuria, kabla ya Pasaka Machame nzima itasema nimemkana Ndeshi. Ndeshi, aliyenipikia mimi mtori nilipomzaa Aika, siku nyingine akija amejifunika gunia kwa mvua!

Juzi nilimwendea Mzee Samweli, mzee wetu wa kanisa, anisaidie kufikiri. Akanisifu. Alisema nimefanya vema kutokwenda kule, niendelee hivyo hivyo, maana kumpenda mwenye dhambi ni kukaa mbali naye mpaka upweke umrudishe. "Mama Aika, waache waonje uchungu wa dhambi yao," alisema, huku anachovya mkate kwenye chai.

Nilitoka pale nimekasirika kuliko nilivyoingia, na sikujua kwa nini. Si nilikuwa nimesifiwa? Njiani ndipo nikaelewa. Yale maneno yalikuwa yangu mwenyewe, ila sasa nimeyasikia kinywani mwa mtu mwingine. Mtu ndiyo kwanza kajifungua, yuko peke yake, na sisi wawili tulioshiba tunamfundisha uchungu.

Leo asubuhi nikaenda sokoni na mvua ile ile. Lori la Moshi lilikuwa limeshusha ndizi mshare. Nikanunua, na nyama ya mfupa, nikamenya huku nalia kwa hasira. Baba Aika alichungulia jikoni, akaiona sufuria, akarudi zake ndani. Ana akili yule mtu.

Niliibeba mchana kweupe, kichwani, nikapita mbele ya maduka ya watu wa kwetu. Wakaniona. Waone.

Anaeli alinifungulia mlango meno yote nje. "Karibu dada! Nilijua tu utakuja. Damu nzito kuliko maji."

Alijua! Hapo ndipo hasira iliponifurika. Nilisimama katikati ya chumba, sufuria mikononi, nikasema nilichokipanga njia nzima.

"Hiki ni chakula cha mzazi. Nimempikia kwa sababu kajifungua na hana mtu. Lakini usije ukamwambia yeyote kwamba dada yako kakubali. Mkeo ni Ndeshi, na yuko Machame anakungoja."

Agnesi alikuwa kitandani, mtoto kifuani. Binti mdogo tu. Alikuwa ameniamkia, "Shikamoo wifi," kwa sauti ya mtu anayeogopa kufukuzwa. Sasa akaniangalia mimi, akamwangalia Anaeli.

"Ndeshi si alifariki?"

Mvua ilikuwa inapiga bati. Anaeli akanigeukia mimi.

"Dada," akasema, "unanihukumu mbele ya mzazi."

Sikumpiga. Mungu ndiye shahidi, nilikuwa nimeshika sufuria ya moto.

Mficha maradhi kifo humuumbua, lakini haya maradhi tuliyaficha wengi. Wako rafiki zake Anaeli wa kanisani, wanaokuja kila Jumapili kula wali wa Agnesi na hawamwambii lolote, wakiita huo upendo. Na niko mimi, niliyekemea mwaka mzima kutoka mbali, mikono yangu safi kabisa. Ningefika mlangoni pale mara moja tu, nikataja jina la Ndeshi, binti wa watu angejua. Kuilaani dhambi sikukosea, na kesho nitailaani tena. Lakini mwaka mzima nimeilaani bila kumfaa mtu hata mmoja.

Nikampakulia bakuli, Agnesi akalisukuma. Nikaketi kitandani, nikalirudisha mikononi mwake.

"Kula kwanza. Maziwa ya mtoto hayana habari na uongo wa baba yake."

Akala, machozi yanadondokea humo humo. Anaeli nilimtoa, akakae barazani na usihukumu wake. Mimi nikakaa mpaka bakuli likaisha, kisha nikamwogesha mtoto. Hata vidole vya miguu ni vya mama.

Nilipokuwa naondoka Agnesi akaniita. "Wifi, kesho utakuja?"

Sikujua niitike au nisiitike. Jina hilo la wifi lina mwenyewe, na mwenyewe yu hai. Nikasema nitakuja.

Kwa hiyo kesho ni ibada, na macho ya Mzee Samweli, na baada ya hapo jikoni. Na kabla lori la Moshi halijaondoka Jumatatu, lazima nimwandikie Ndeshi mimi mwenyewe, asiyasikie kwa wengine. Karatasi iko hapa mbele yangu, tupu.

Nianze na uongo wa mdogo wangu, au na mtori wangu?