Fuvu Lililotolewa Sandukuni

Jumatatu, 4 Machi 1907
Nimetuma barua kwa gazeti la pwani. Mvua bado. Maharage yamepanda bei. Kupe wanamaliza ng'ombe Olmotonyi. Habari za makaburi sikuandika. Tangu Daktari Mdachi aanze kununua vitu vya kale ili avipeleke Ulaya, mji mzima unafukua. Shanga, vyungu, mafuvu. Serikali yake yenyewe imekataza. Tangazo limebandikwa langoni pa boma. Saidi mwenye duka, anayemkusanyia, alinicheka: "Mwandishi, sheria inakaa bomani. Huku sokoni kuna bei tu. Kalamu yako isituletee kiboko."

Jumatano, 6 Machi
Wafukuaji wamefika migombani kwa mkwe wangu, Mzee Nanyaro, huku Meru. Wamechukua fuvu la baba yake. Aliyewaonyesha mahali ni mpwa wake. Alipewa kipande cha kaniki.

Alhamisi, 7 Machi
Mchana, mbele ya watu, Mzee aliingia dukani kwa Saidi, akafungua sanduku, akatoa fuvu, akaenda nalo. Kabla ya jua kuzama askari walimkamata. Fuvu limerudi sandukuni. Shtaka: kuiba mali ya Daktari. Nimepita nyumba kumi na moja kutafuta shahidi wa ule ufukuaji. Hakuna. Siku ile wote walikuwa shambani.
Mke wangu hali chakula. Ni baba yake.

Jumamosi, 9 Machi
Baraza. Mkalimani ana homa, nikaitwa mimi, kwa kuwa najua Kimeru. Mzee aliweka jani la isale mezani kwa Bwana Shauri, Mdachi anayeamua kesi bomani. Kwa Wameru, anayeleta isale anaomba yaishe, hata kama aliyekosewa ni yeye. Aliyeletewa hawezi kukataa.
Bwana Shauri akaniuliza: "Anaomba msamaha?"
Nikasema ndiyo. Nikaanza kueleza. Akainua mkono.
"Inatosha. Amekiri."
Viboko ishirini na tano. Miezi sita ya mnyororo.
Ningesema hapana, ningekuwa nimesema uongo. Ningeanza na maelezo, pengine angesikia. Nilijibu nilichoulizwa, kama nilivyozoea. Nimekosa.

Jumatatu, 11 Machi
Viboko vimepigwa asubuhi. Mzee hakulia. Saidi amenitumia sukari, nimeirudisha. Askari mmoja aliniruhusu kupeleka maji.
"Shikamoo, baba."
"Marahaba." Akanywa. "Yule Mzungu, isale halijui?"
"Halijui."
"Na wewe?"
Askari akachukua kibuyu.

Alhamisi, 14 Machi
Mvua imeanza. Bwana Shauri aliniita. Amependezwa: najibu kwa ufupi, sitii chumvi. Mkalimani wa zamani ameachishwa. Kuanzia kesho kazi ni yangu, kila siku ya baraza. Hakuuliza kama naitaka, na anayekataa kazi ya boma hufungwa.
Nimemwambia mke wangu. Ameendelea kumenya ndizi.