Kipimajoto cha Shemeji

Jumatatu, 3 Februari
Amepewa yeye. Usimamizi wa njia ya reli, ofisi yenye feni, na kipimajoto kipya cha kubandika kwenye reli. Shemeji yangu! Mume wa mdogo wangu, niliyemfundisha mimi hata kushika nyundo. Miaka kumi na saba nakagua reli hizi kwa miguu, leo naambiwa nimpe ushirikiano. Nina wivu. Naandika hapa maana sina wa kumwambia.

Jumanne, 4 Februari
Kipimajoto kakibandika chini ya daraja la waenda kwa miguu, hatua chache kutoka mlangoni kwake. Kivulini! Kasoma nyuzi 46, karidhika. Ikifika 50 treni lazima ziende polepole. Mimi nikaenda hadi kwenye kona, juani, na kipimajoto changu kikuukuu — 57.
Zamani joto hili tulilipata siku mbili tatu kwa mwaka. Sasa ni wiki ya tatu mfululizo, na reli zilizotandikwa enzi hizo hazina pa kutanukia; zikizidiwa zitapinda.
Sikumwambia. Si yeye ndiye mkubwa? Acha aumbuke.

Jumatano, 5 Februari
Bosi kamsifu mbele ya watu, eti tangu aanze hakuna treni iliyochelewa. Jioni mdogo wangu kanipigia kunisimulia, kana kwamba sikuwepo. Na kesho yeye na mtoto wanapanda treni ya saa saba kwenda kwa mama, sijui nini na nini. Sikumsikiliza. Roho iliniuma.
Kona: 59.

Alhamisi, 6 Februari
Saa saba kasoro nimefika kwenye kona. Reli imepinda, kiganja kizima nje ya mstari. Simu haikushika mtandao. Ndipo nikakumbuka nani yumo kwenye treni ya saa saba.
Nimekimbia na bendera nyekundu kuielekea treni. Dereva kaniona. Kichwa cha treni kimesimama hatua thelathini kutoka pale reli ilipopinda.
Shemeji kaja mbio kutoka stesheni. Mdogo wangu kashuka na mtoto, kanipita, kaenda kumkumbatia yeye. Hata hapo iliniuma.
Hakujitetea. Kasema kosa ni lake, ataliandika mwenyewe. Kisha kakitazama kipimajoto changu, kauliza, kwa upole kabisa: shemeji, hapa kwenye kona umeanza kupima lini?
Nimemwambia asubiri kidogo. Kakaa pembeni yangu, kwenye mataruma yanayobeba reli. Anadhani naandika ripoti. Sasa ameninyooshea mkono nimpe daftari, na 57 ya Jumanne imo humu. Nampa.