Ngwe Aliyonilimia Zakaria

Alhamisi, 11 Septemba 1975

Leo maneno yanayoanza na herufi P. Nusu yake sijawahi kumsikia Mwingereza akiyatamka, na nimefundishwa na Waingereza. Zakaria kayakariri kwa sauti chumba cha walimu mpaka mkuu wa shule akafunga mlango wake. Hesabu anazimaliza kabla sijashika kalamu. Kiingereza ndicho kinamtoa jasho. Mimi kinyume chake. Ndiyo maana tunasoma pamoja kwa huu mtihani wa Wamarekani. Bila kuupita, hakuna chuo cha kule kitakachotupokea kwa shahada ya pili.

Baridi. Ukungu mpaka dirishani. Nataka kusomea udongo. Nimechoka kuwafundisha watoto jiografia ya Kanada huku mashamba yetu yanateremka mtoni kila masika.

Jumamosi, 20 Septemba

Sikwenda shamba la kijiji. Tumepatana na Zakaria: kila Jumamosi akimaliza ngwe yake ananilimia yangu. Mimi nakaa nyumbani, namtayarishia maneno ya wiki na kumsahihishia madaftari ya wanafunzi wake. Kwetu si ajabu. Ukishapimiwa ngwe, ikilimwa imelimwa, haiulizwi jembe lilikuwa la nani. Bibi alilimiwa na shemeji zake miaka yote ya uzee.

Mama alikuwa huko na wanawake, upande wa maharage. Karudi jioni na matope hadi magotini, akainjika makande.

Jumapili, 19 Oktoba. Dar es Salaam, kwa binamu

Jana tumefanya mtihani. Kichwa bado kinauma. Joto la huku nalo.

Sijapata kuona mtihani wa namna hii. Swali moja, majibu matano, unachagua lako na kuweka weusi kwenye kiduara kwa penseli. Basi. Huelezi kitu. Miaka yote nawaambia wanafunzi, toa sababu, jibu bila sababu ni nusu jibu. Hapa sababu haitakiwi na mtu. Wanataka kujua una haraka kiasi gani. Kulikuwa na habari ndefu ya watu wanaoteleza juu ya barafu kwa viatu vya chuma. Nimeisoma mara mbili, bado sijui wanateleza kwenda wapi.

Msimamizi alisema kalamu chini nikiwa katikati ya hesabu. Nilitaka kulia. Kipimo cha ujinga, lakini ndicho mlango wenyewe, na mimi nataka kuingia.

Zakaria kaninunulia soda. Kasema bila mimi asingejibu hata nusu.

Ijumaa, 28 Novemba

Majibu yamefika. Nimepita! Vizuri kuliko nilivyothubutu kuomba. Zakaria naye kapita, ila nyuma yangu kwa mbali. Alinipa mkono. "Hongera, dada. Umenifundisha, halafu umenipita." Tukacheka.

Baadaye mkuu wa shule katuita. Mwaka huu anaweza kumruhusu mmoja tu. Atakwenda mwenye alama za juu, mradi tawi la Chama limdhamini. Likimkataa, zamu ni ya mwenzake. Siku hizi bila tawi huendi popote. Sina wasiwasi. Nimezaliwa hapa, nimebatizwa hapa.

Mama nilipomwambia aliuliza huko Ulaya ni mwendo wa siku ngapi. Nikamweleza kuwa Marekani si Ulaya. Akasema kwake ni kulekule.

Jumapili, 7 Desemba

Mkutano wa tawi, baada ya ibada.

Mwenyekiti alianza vizuri: mwalimu ni mtoto wetu, kazi yake tunaijua. Akainuka balozi wetu wa nyumba kumi. "Shambani hatujamwona tangu kiangazi. Msomi asiyeshika jembe, akienda kwa mabepari atatuletea nini?" Watu wakaguna.

Nikasimama, nikasema kweli yote. Ngwe yangu haikulala hata wiki moja. Zakaria alinilimia, kwa mapatano. Nikageuka kumtazama nikiwa natabasamu. Mjinga mimi.

"Mwalimu Zakaria, ni kweli?"

Akatazama viatu vyake. "Mimi nililima ngwe yangu, ndugu mwenyekiti. Hayo mengine siyajui."

"Yupo mwingine aliyeona?"

Kimya. Mama alikuwa benchi la wanawake, kainamisha kichwa. Nikaumia kwa aibu niliyomletea.

Wakanyoosha mikono. Mimi nimekataliwa, Zakaria kadhaminiwa palepale. Mimi nimeambiwa nijirekebishe. Nijirekebishe!

Jumatatu, 8 Desemba

Nimemkuta chumba cha walimu, nikamuuliza kwa nini.

"Nafasi ni moja, dada."

Hakuona hata haja ya kutafuta uongo wa kunifariji. Kikulacho ki nguoni mwako. Namchukia. Kanisani siwezi kulisema, naliandika hapa. Namchukia.

Ijumaa, 19 Desemba

Shule imefungwa. Mvua.

Jana mchana tulikuwa jikoni, mimi na Mama, tunachambua maharage. Nikaanza tena habari za Zakaria. Siku hizi sina nyingine. Nikasema mtu kalima kilimani Jumamosi zote zile, na kijiji kizima hakuna aliyemwona.

Mama akaendelea kuchambua. Kisha akasema, kwa Kishambaa, taratibu, kwamba alimwona. Kila Jumamosi. Alimpelekea chai palepale kwenye ngwe yangu.

Nikamuuliza wengine je.

"Walimwona. Siku ile walinitazama mimi kwanza. Mama mtu akinyamaza, nani atafungua kinywa?"

Nikamuuliza kwa nini alinyamaza. Akasema mumewe kamzika, ndugu zangu wametawanyika, waliokwenda Ulaya anawajua na waliorudi anawajua. Amebaki na mimi tu. Hakuomba msamaha. Akamimina maharage chunguni, akaongeza maji.

Nilitoka nje nikasimama mvuani mpaka nikatetemeka.

Zakaria nimeacha kumsalimia, na nimeona ni rahisi. Leo asubuhi Mama alikuwa mlangoni na ufagio. Nikasimama mbele yake kwa muda. Kisha nikasema, shikamoo Mama. Akaitika marahaba, mwanangu, akasogea nipite.