Mtani Hapewi

Morogoro Mjini,
Jumapili, 14 Februari 1993

Mama yangu mpendwa,

Shikamoo. Kabla sijaenda mbali naahidi kwamba leo nitakueleza yote, hata yale ambayo mama mdogo aliniambia niyaache ili usipate mawazo. Mgongo wako unaendeleaje? Mvua imeshagusa mashamba ya huko Kinole, au bado mnatazama mawingu tu? Sisi huku ni wazima, ila tumechoka. Mama mdogo amechoka na soko, nami nimechoka na jambo ambalo sikujua kwamba linachosha, yaani kutenda wema.

Lile tenga la ndizi ulilompa dereva wa lori la matunda lilifika salama, na ndilo lililoanzisha mambo.

Unamkumbuka Bibi Kalunde, yule Mnyamwezi wa chumba kinachotazamana na chetu, aliyekutania siku uliyonileta shule? Miaka yote alikuwa mfumaji katika kiwanda cha nguo. Sasa kiwanda kimefungwa, geti lina kutu na mbuzi wanalala kivulini pake. Watu wanavaa mitumba, nayo ndiyo anayoiuza mama mdogo. Bibi Kalunde hamnunii. Humwambia tu, "Wewe Mluguru umeniua kwa hizo nguo zako za kafa Ulaya, sasa jiandae kunizika." Mama mdogo humjibu, "Nikuzike na sanda gani? Miaka yote umefuma shuka na hukuniwekea hata moja!" Basi wanacheka mpaka majirani wanatoka nje.

Lakini tangu Krismasi miguu ya Bibi Kalunde imevimba, hafiki bombani. Hospitali walimpima vizuri, ila dawa akaambiwa akanunue nje. Alirudi, akaketi kizingitini, na siku hiyo hakumtania mtu.

Mimi nikakumbuka mafundisho ya chuo cha Kurani, kwamba mwenye shibe asimsahau jirani yake. Nikachagua ndizi nzuri katika tenga lako, nikazipanga kwenye sahani, nikazifunika kwa kitambaa cheupe. Nikaenda mlangoni kwake taratibu, uso nimeuinamisha kama niko msibani. Nikasema, "Pole sana Bibi. Nimekuletea msaada kidogo."

Mama, alinitazama kama nimemtemea mate. "Rudisha," akasema. "Nani kakwambia mimi ombaomba?" Akafunga mlango.

Nililia. Mama mdogo alipopata habari alicheka kwanza, kisha akanikaripia. "Wewe mtoto, shule yote hiyo na hujui kitu? Yule ni mtani wetu. Mtani hapewi, mtani hunyang'anya! Ukimpelekea sahani na huruma, umemwambia kwamba utani umekwisha, na yeye si mtu tena."

Kwa hiyo kesho yake nilipita mbele ya mlango wake na chane la ndizi kichwani, nikasema kwa sauti, "Leo Wanyamwezi watakula harufu tu!" Nikataka kukimbia. Mara mkono ukatoka, ukashika khanga yangu. "Lete hapa, Mluguru mchoyo! Mlima mzima umejaa ndizi na bado mnazificha!" Akalinyakua chane lote. Nilisikia akicheka peke yake humo ndani.

Tangu siku hiyo kila kitu kinapita njia hiyo. Maji namletea huku nikimwambia kwamba nimechoka kunusa Mnyamwezi asiyeoga. Uji anaudai kwa matusi. Ukisikia utadhani tunagombana. Lakini Mama, inachosha. Nateka maji yetu na yake kabla ya shule, nami darasani nasinzia. Mwalimu wa hisabati amenisimamisha mara nyingi. Na kuna asubuhi sina utani wowote kichwani, nami lazima niutafute, kwa sababu nikiingia kimya atajua kwamba namhurumia. Zamani nilidhani wema ni kitu unachokitenda, kikaisha, ukalala vizuri. Kumbe ni kama kufagia uani chini ya mwarobaini. Unamaliza, unageuka, majani yameshaanguka tena.

Sasa yaliyo mazito. Mwenye nyumba anakitaka chumba cha Bibi Kalunde. Kuna mfanyabiashara anatafuta stoo ya magunia, na siku hizi kila kitu ni ruksa. Bibi Kalunde ameambiwa atoke mwezi huu ukiisha. Kwetu chumba ni kimoja, na marobota ya mitumba yamejaa hadi miguuni pa kitanda. Kwao Tabora ndugu aliyebaki ni mtoto wa kaka yake, naye hajibu barua. Tena kwa miguu ile, hawezi kupanda garimoshi.

Hakuomba kitu. Jana alisema tu, "Nitakuja hukohuko kwenu mlimani, niwamalizie mananasi, kisha nife makusudi ili mnizike. Watani mtakataa?" Nikamjibu, "Kaburi lenyewe litakuwa la mteremko, utateleza mpaka Tabora." Akacheka sana. Lakini alikuwa ameshika mkono wa gauni langu, na kicheko kilipokwisha hakuuachia.

Mama, nimefikiria kile kibanda cha nyuma alimokuwa akilala marehemu bibi yetu. Najua ni mali ya ukoo, na neno la mwisho ni la mjomba. Najua pia kwamba mimi niko huku na daftari zangu, na atakayemchotea maji ni wewe. Hilo ndilo linaloninyima raha. Ni rahisi sana kutenda wema kwa mgongo wa mama yako, hasa mgongo unaouma. Ukikataa nitaelewa, wala sitanuna. Ukikubali, dereva amesema atampakia mbele bure, na kutoka barabarani vijana wambebe kwa machela. Likizo nitakuja kukupokea ndoo.

Nisalimie sana mjomba, umwambie asome barua hii akiwa ameshashiba. Msalimie shangazi anayeuza iliki, na wadogo zangu, hasa yule anayeogopa kukatwa kucha. Mama mdogo anakusalimu. Ananiambia niandike kwamba yeye hakunituma, lakini naye hajalala vizuri wiki hii.

Dereva anarudi huku Alhamisi. Tafadhali mpe jibu, hata kwa mdomo. Ni mimi mwanao, Zuhura, ninayekuuliza jambo moja tu, kwa sababu kibanda peke yake hakitoshi: akishushwa hapo uani kwenye machela, mgonjwa na amechoka, utaweza kumpokea kwa matusi?