Mvinyo Nisioumeza

Jumatatu, 3 Machi
Bosi ameleta Bordeaux, mvinyo wa Ufaransa, wa mavuno matatu: 1996, 2005, 2010. Nionje, niandike, yeye aamue ipi iuzwe hotelini na ipi ibaki ghalani. Nimeonja. Nimetema. Wa '96 umechoka — ladha ya majani makavu, ngozi ya mkoba wa zamani, ukali umebaki peke yake kama mjane. Wa 2005 umesimama imara. Wa 2010 bado mgumu, unakaza fizi. Uachwe ukue.

Nimeandika yote vizuri. Sijisikii chochote.

Pua imekuwa kali mno. Sabuni ya sakafu tu imenikimbiza chooni. Najua maana yake. Mimba zote mbili nilizopoteza zilianza hivihivi, pua kwanza.

Jumanne, 4 Machi
Nimepima. Mistari miwili. Nimekifunga kipimo kwenye karatasi, nikatupa, nikaenda kazini.

Ile ya kwanza nilimwambia mume wangu asubuhi hiyohiyo. Mama mkwe akashona vishuka vya mtoto. Ya pili tulinong'onezana wawili tu. Hii — hata yeye simwambii. Sicheki, silii. Tusubiri.

Alhamisi, 6 Machi
Mwenzangu wa meza ya kuonja tunamwita Kizibo, kwa utani tu, maana hana siri inayokaa. Yeye hatemi. Anameza, ikifika saa ya chakula anaimba. Leo kanitazama natema, nasukutua kwa maji, natema tena. Akauliza: dada, unaogopa sumu? Nikasema tumbo.

"Tumbo!"

Halafu akanyamaza. Kizibo, akanyamaza! Baadaye kanisogezea kiti.

Leo Barolo mbili, mvinyo mwekundu wa Italia. Harufu ya waridi kavu, ya lami. Nimeandika: nzuri. Ulimi unafanya kazi yake, mimi niko pembeni.

Jumamosi, 8 Machi
Mnunuzi wa hoteli amekuja. Bosi kamfungulia 2005. Mtindo wa bosi ni mwonjaji anywe glasi nzima na mteja, mteja aone hatuuzi tusichokunywa. Nimeonja, nikatema kwenye ndoo.

Mnunuzi: "Mbona bibie anatema? Mvinyo una kasoro?"

Bosi akacheka, kisha akanikazia macho. "Kunywa, mama."

"Sinywi."

"Tangu lini?"

Glasi mbele yangu imejaa. Kizibo akainyakua, akaigugumia yote — kwa afya ya mgeni! Mnunuzi akacheka mpaka akakohoa. Kachukua makreti yote. Kwenye ngazi bosi hakucheka: Jumatatu asubuhi, ofisini kwangu. Haya.

Nyumbani mume wangu kanikanda miguu. Kasema imevimba. Nikatazama dari.

Jumapili, 9 Machi
Damu. Kidogo. Nyekundu katikati, kahawia pembezoni kama mvinyo uliozeeka — nimejikuta naikadiria umri! Mwanamke gani mimi?

Nimekaa chooni mpaka miguu ikafa ganzi. Mume wangu akabisha. Mke wangu, uko salama?

Nipo, nikasema. Nipo.

Jumatatu, 10 Machi
Sikwenda kwa bosi. Nilimtumia Kizibo ujumbe amwambie niko kliniki, basi. Niko koridoni, kwenye benchi, naandika ili mikono ipate kazi. Damu haijaongezeka. Haijakatika.

Nesi kauliza nimekuja na nani. Peke yangu, dada.

Sasa hivi mume wangu ametokea mlangoni, ovaroli ya kazini, anahema. Kizibo kampigia: shemeji, mwenzio yuko kliniki, kimbia. Nilijiandaa kuulizwa kwa nini nimeficha. Nilikuwa na jibu kabisa. Hakuuliza. Kaketi, kachukua mkoba wangu, kaupakata kwa mikono miwili.

"Nilikuwa najua," kasema. "Wiki nzima. Niliogopa kukuuliza, nikadhani nikitamka tu itatoka."

Na mimi hivyohivyo. Nimemsogelea tu, bega kwa bega. Bado anahema, huyu mtu! Au ni mimi?

Nesi ameita jina langu. Mume wangu kasimama na mkoba.

Ameita tena. Nasema nakuja, nakuja, namalizia mstari —