Baba Getruda, Hukuwa Umelewa

Baba Getruda,

Barua huanza kwa kuulizana hali. Yako naijua, na yangu utaiona humu humu, kwa hiyo tuiruke sehemu hiyo. Naandika kwenye daftari la hesabu la Getruda, kurasa za nyuma. Yuko darasa la tatu sasa. Beno ana meno yote na anamng'ata kila anayemzuia. Wewe hukuwahi kumwona hata akisimama.

Nimehama kwenu. Nimepanga chumba hapa Ifakara mjini, nyuma ya mashine ya kukoboa mpunga, pumba zinaingia mpaka kwenye chumvi. Asubuhi nauza uji na vitumbua, mchana nalala nikiwa nimekaa. Kwa nini nimehama nitakufikisha huko. Kwanza kesi, maana imekwisha wiki iliyopita, na aliyekuwa anasemwa siku zote hizo ni wewe, na hukuwepo kujibu.

Kufa kwako unakujua kuliko mimi. Mimi najua tulichoambiwa na Mama Odilia, yule muuza perege, ndiye abiria pekee uliyempakia siku ile. Ni mwaka wa Elinino, mto umevimba hadi matete hayaonekani. Mtumbwi wa tajiri wako, Bwana Mashine, umejaa magunia ya mpunga kutoka mashamba ya ng'ambo. Katikati ya mto maji yakaanza kuingia kwa mbele. Ulikuwa na dumu moja tupu la maji ya kunywa. Ulilifunga kifuniko ukamrushia yeye, ukamwambia alikumbatie asiliachie hata kwa Mungu. Akalikumbatia. Ndiyo maana yeye anauza samaki mpaka leo. Wewe tulikupata siku ya tatu.

Wazee wenu wakasema mtu aliyechukuliwa na maji haingizwi ndani ya nyumba, azikwe pale pale alipotolewa, siku ile ile. Hakuna aliyekwenda polisi. Hakuna daktari aliyekugusa. Na mimi nilikuwa mkekani, uso ukutani, kwa sababu kwenu mjane hasemi na mwanaume mpaka siku ya kunyolewa. Wewe ndiye uliyenieleza mila hiyo, msiba wa baba yako, tumejificha nyuma ya ghala tunakula muwa. Ukacheka, ukasema kwa mdomo wangu nitapasuka kabla ya siku ya pili.

Sikupasuka. Bora ningepasuka.

Siku ya nne Bwana Mashine alikuja msibani na mchele, mbuzi na karatasi. Mdogo wako Fidelisi akaisoma kwa kukwamakwama, mlangoni, nikisikia. Ilisema familia inathibitisha kwamba marehemu alikuwa amelewa, kwamba mwenye chombo hana lawama, na kwamba familia haitadai kitu chochote mahali popote. Nilielewa kila neno. Wewe pombe hukuigusa tangu Getruda abatizwe, na Fidelisi alijua, maana alikuwa anakucheka kwa hilo. Nikautazama ukuta. Palikuwa na ufa na sisimizi wanapanda kwa mstari. Nikasema moyoni, fungua mdomo, wewe mwanamke. Sikuufungua. Niliogopa wazee, niliogopa mama yako, niliogopa watasema sikukulilia vya kutosha. Fidelisi akaja na kidau cha wino, akanishika dole gumba, akalikandamiza kwenye karatasi. "Ni mambo ya kiume haya, shemeji, usijisumbue." Mimi niliyemaliza darasa la saba kwa mwandiko ambao wewe ulikuwa unawaonyesha wenzako kivukoni.

Siku niliyonyolewa, neno langu la kwanza nilimpa yeye. Nikamwambia, "Kaka yako hakuwa amelewa."

Akanijibu, "Shemeji, mbuzi ameshaliwa."

Msimu uliofuata Bwana Mashine alinunua mtumbwi mpya. Anaupiga kafi Fidelisi.

Ningenyamaza, nakwambia ukweli. Nilikuwa nimechoka, na Beno alikuwa ananyonya usiku na mchana. Lakini siku moja Getruda alirudi shuleni akaniambia wenzake wana mchezo. Mmoja anapepesuka, anapiga kafi hewani, anaanguka, wengine wanapiga makofi. Mchezo unaitwa Baba Getruda. Akaniuliza kama ni kweli. Nikamwambia si kweli. Akasema, "Sasa mbona mliandika?"

Hapo ndipo nilipoanza kutembea.

Polisi walinisikiliza vizuri mpaka nilipofika kwenye kuzika. Askari akaweka kalamu chini. Mmezika wenyewe, akasema, mmesamehe wenyewe, sasa mnataka sisi tumkamate nani. Nikaenda ofisi ya kazi, maana nilisikia mtu akifa kazini mwajiri anafidia. Wakataka barua ya ajira. Barua gani, wewe ajira yako ilikuwa kuitwa kwa mluzi. Walipomuuliza Bwana Mashine akasema hakukuajiri kamwe, ulikodi mtumbwi.

Aliyenifumbua macho ni Mzee Salumu. Humjui. Alikuwa karani wa mahakama, amestaafu, sasa anachapa barua na madai ya watu kwenye kibaraza mkabala na mahakama hiyo hiyo. Nilimpa shikamoo, akaitikia marahaba, umechelewa. Huwaambia hivyo wote. Nikamsomea ile karatasi kwa kichwa, sikuhitaji nakala. Akacheka mpaka kikohozi kikamshika.

"Huyu shemeji yako alisamehe kama nani?"

Akanieleza pole pole, kama anayemfundisha mtoto kufunga kamba ya kiatu, na mimi nakueleza wewe hivyo hivyo. Madai ya mtu aliyekufa yanashikwa na msimamizi wa mirathi, na msimamizi anatajwa na mahakama. Kabla hajatajwa, hakuna wa kudai na hakuna wa kusamehe, awe kaka, awe baba, awe ukoo mzima. Tena mke, watoto na wazazi wana haki yao katika kifo chako, na haki ya mtoto haitiwi saini na baba mdogo mbele ya sahani ya wali. Mambo ya polisi ni ya serikali na mwenye kosa. Madai ni yetu. Polisi wakilala, madai hayalali. Ila yana muda wake, ukipita mlango umefungwa, na miezi tayari ilikuwa imekwenda.

"Lakini kwanza, mama," akasema, "huyu bwana inabidi afe."

Maana kwa serikali ulikuwa hai. Hukuwa na kibali cha kuzikwa, hukuwa na cheti. Nikaenda kukutafutia cheti cha kifo. Karani hakuinua uso, akasema mhusika aje mwenyewe. Nikamwambia hawezi. Kwa nini hawezi. Amekufa. Akasema, "Basi alete cheti." Nilitoka nje nikakaa kwenye ngazi, nikacheka peke yangu, watu wakanipisha. Ningekusimulia hilo wewe ungeanguka kitandani. Mwisho mwenyekiti wa kijiji na Mama Odilia walikula kiapo, nikakupata, umekufa rasmi, kwa muhuri.

Ukoo nao ulikaa kikao wakaandika muhtasari kwamba msimamizi awe Fidelisi. Tangazo likabandikwa mahakama ya mwanzo, nikaweka pingamizi. Siku ya kusikilizwa Fidelisi akamwambia hakimu hakuna haja ya kubishana, kwa mila mimi nitakuwa mke wake, kwa hiyo ni mali ya nyumba moja. Hakimu akaniuliza kama nina habari hiyo. Nikasema, "Mheshimiwa, huyu alikula mbuzi wa msiba wa kaka yake huku akijua." Watu wakacheka, hata karani. Nikapewa usimamizi.

Na aliyenishika mkono kutoka pale alikuwa mama yako. Hilo nataka ulijue, haidhuru lililofuata. Aligombana na mwanawe aliye hai kwa ajili yako. Alikuwa anasema kila tulipopumzika njiani, sikuzaa mlevi, sikuzaa mlevi, kama anasali rozari. Kesi ilipofunguliwa mahakama ya wilaya hakukosa siku hata moja. Leo hakimu yuko semina, tunarudi. Leo wakili wa Bwana Mashine, ametoka Morogoro na viatu vyeupe, ana homa, tunarudi. Leo faili halionekani. Yeye anabeba Beno mgongoni, mimi nabeba viazi vya kula njiani. Aliniita mwanangu. Hakuwahi kuniita hivyo wewe ukiwa hai.

Mama Odilia alitoa ushahidi vizuri. Wakili akamuuliza alijuaje kama hukulewa. Akasema alikukaribia mdomoni kuliko mkeo siku ile, angesikia harufu. Lakini wakili akainua ile karatasi, akasema hapa ndugu yake na mjane wenyewe wanasema amelewa, na huyu ni abiria tu.

Mzee Salumu aliniita kibarazani. Akaniuliza asubuhi ile uliniambia nini kabla ya kutoka. Miaka yote hakuna mtu aliyewahi kuniuliza. Nikamwambia. Akaacha kuchapa.

Akasema hilo likisemwa litamaliza habari ya ulevi, kwa sababu mlevi haoni maji yamefika wapi. Lakini litaonyesha pia kwamba ulijua hatari ukaenda, na hakimu atakugawia sehemu ya kosa, na fidia itapungua. Halafu akanitazama. "Na wewe, mama, utakaa wapi baada ya hapo?" Nikamuuliza nikinyamaza je. Akasema linabaki neno la muuza samaki dhidi ya karatasi.

Nilishanyamaza mara moja.

Kwa hiyo nilipanda kizimbani nikaapa, na nikasema. Kwamba asubuhi ile ulirudi kutoka mtoni na kafi lako, ukakaa kizingitini, ukasema, "Tajiri amejaza mpaka mtumbwi unalamba maji. Mimi leo siendi." Kwamba Beno alikuwa na homa, sikuwa nimelala siku mbili, ndani hakuna hata unga. Na kwamba mimi nilikwambia, "Wanaume wenzio wanakwenda. Wewe kaa hapa unyonyeshe."

Nikasema kwamba ulinitazama tu. Ukasimama, ukaacha chai yako nusu, ukaenda. Kwamba ulitembea sawasawa, kwa mstari, mpaka ukapotea kwenye mpunga.

Wakili akauliza, "Kwa hiyo wewe ndiye uliyempeleka mtoni?"

Nikasema ndiyo.

Nyuma yangu nikasikia benchi linalia. Mama yako alisimama, akamtua Beno sakafuni, akajifunga kanga vizuri, akatoka. Hakukimbia. Beno akaanza kumlilia bibi yake mbele ya hakimu.

Hukumu ilisomwa wiki iliyopita. Karatasi haina nguvu. Bwana Mashine alikuwa mwajiri wako na alipakia kupita uwezo wa chombo, atalipa. Sehemu ya kosa ni yako, kwa kuwa ulijua. Yeye anasema atakata rufaa, basi akate. Nilimwomba Mzee Salumu anisomee tena mahali pamoja tu. Akasoma: marehemu hakuwa amelewa. Nikamwomba tena. Akasema, "Mama, sibadilishi maneno kila nikisoma." Lakini akasoma.

Mama yako sijamwona tena tangu siku ile ya kizimba; jioni yake nilirudi nyumbani. Nilikuta vitu vyangu nje. Hakuvitupa, alivipanga, sufuria ndani ya sufuria, mkeka umekunjwa, nguo za watoto zimefuliwa. Mlango umefungwa kwa ndani. Nilimwita mama. Akasema kupitia mlangoni, hakupaza sauti:

"Ungeniacha na mwanangu mlevi."

Nikamfunga Beno mgongoni, nikabeba sufuria. Jibu lake labda unalo wewe.

Huku mjini mchezo wa kupepesuka hawaujui. Kule kijijini nasikia wameuacha, sasa wana habari mpya, yangu. Habari hiyo itavuka kuja huku kwa baiskeli ya mtu yeyote, siku yoyote. Getruda hajaisikia. Aliambiwa tu kwamba mahakama imesema baba hakuwa mlevi, akaenda kumwambia kila mtu kwenye foleni ya bomba.

Sitakuaga kwa maua, mume wangu, hatukuzoeana hivyo. Lala. Hukuwa mlevi, na hukuwa mwoga, ulikuwa na mke aliyechoka. Nilikupenda hata asubuhi ile, lakini hilo halikuingia kwenye ushahidi kwa sababu hakuna aliyeliuliza.

Ahadi yangu ni moja. Hapa ninapoandika Getruda yuko nje anasugua sufuria za uji. Akimaliza nitamkalisha kitandani, nitamwambia mwenyewe, kwa maneno yale yale, nisipunguze moja: kwamba baba yako alisema haendi, na mimi ndiye niliyemwambia aende. Anaweza asinitazame tena kama zamani. Akinichukia, nitampikia hivyo hivyo.

Ameshasuuza ya mwisho. Naweka kalamu.

Mimi mkeo,
Mama Getruda