Babu Alidanganya Kuwa Daktari

Ngendo, uko? Nimetoka kwa babu Jeconia sasa hivi na bado siamini alichoniambia. Alidanganya watu kuwa yeye ni daktari. Babu!

Ilikuwa 1956. Alikuwa anafunza watu ndondi pale Makongeni, mmoja mmoja, na wanamlipa. Mvua ya Aprili ikaja, wanafunzi wote wakapotea. Kukaa bure kukamshinda. Akachukua baiskeli akaenda mpaka Ruiru, mlango kwa mlango kwenye kambi za kahawa, akiuliza nani anataka mazoezi. Wakamcheka. "Tunalima kahawa kutwa, utatufunza mazoezi gani tena?"

Sasa sikia. Mama mmoja, Nelima, akamwonyesha mkono wake. Ulivunjika ukaungana vibaya, haupandi kupita bega. Akamuuliza, "Wewe ni daktari?"

Babu akasema ndiyo. NDIYO!

Kesho yake akarudi, akaushika ule mkono akavuta. Nelima akapiga nduru, kambi nzima ikatoka nje. Babu akauachia, akakiri palepale. "Mama, nisamehe. Mimi ni mtu wa ndondi tu."

Unajua alijibiwa nini?

"Nilijua tangu jana. Daktari gani husukuma baiskeli kwa matope akitafuta wagonjwa? Vuta tena, lakini polepole."

Ngendo, alirudi kila siku mpaka mvua ikaisha. Wale wa ndondi waliporudi Makongeni, walimkosa. Alikuwa Ruiru, amesimama mlangoni, anamtazama Nelima akijichana nywele kwa mkono uleule.